Kupima kama ulimwengu uko sawa pande zote kwa kutumia FRB: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Karibu kila anayejaribu hii kazi anakwama palepale. Anapakua data, anafiti dipoli (yaani upande mmoja wa anga kuzidi na ule wa pili kupungua), kompyuta inamtolea mshale unaoelekea kona fulani ya anga wenye ukubwa wa asilimia 8 au 10, anafurahi, anaanza kuandika ripoti, alafu mtu mmoja anamuuliza: sasa kama ulimwengu ungekuwa sawa kabisa pande zote, wewe ungepata ngapi? Kimya. Jibu ni kwamba angepata hiyohiyo asilimia 8, kutokana na uchache wa data tu.

Kwa hiyo huu mwongozo hauhusu kutafuta mshale, maana mshale utaupata tu utake usitake. Unahusu kujua kama una maana yoyote.

Wazo lenyewe kwa ufupi

FRB (fast radio burst) ni mlipuko wa mawimbi ya redio unaodumu milisekunde chache kutoka galaksi za mbali. Mawimbi yakipita kwenye elektroni zilizotapakaa njiani, yale ya masafa ya chini yanachelewa, na kiasi cha kuchelewa ndo kinatupa DM, yaani jumla ya elektroni zote kati yetu na chanzo. Sio ucheleweshaji wa kubahatisha: mlipuko wenye DM ya 500 (DM zote humu ni kwa kizio cha pc/cm³) ukiupokea kati ya 800 MHz na 400 MHz, ule mwisho wa chini unafika sekunde 9.7 baada ya ule wa juu.

Sasa kama ulimwengu ni sawa pande zote, milipuko ya umbali mmoja inatakiwa iwe na DM zinazofanana kwa wastani hata ugeukie wapi. Upande mmoja ukiwa na DM kubwa zaidi kwa mpangilio, kuna kitu. Na swali sio la kujifurahisha tu, maana mwaka 2021 hesabu ya kwasari (viini ving'avu vya galaksi za mbali) milioni 1.36 ilitoa dipoli kubwa zaidi ya mara mbili ya ile inayotarajiwa kutokana na mwendo wetu, kwa uzito wa sigma 4.9 (yaani ni vigumu sana iwe bahati tu), na mjadala bado upo. FRB ni njia nyingine kabisa ya kuuliza swali hilohilo.

## Vitu unavyohitaji

- Laptopu ya kawaida tu, hii kazi haihitaji seva.
- Python yenye numpy, scipy na astropy. healpy ni kwa ajili ya kuchora ramani, sio lazima.
- pygedm, inayokupa makadirio ya elektroni za galaksi yetu kwa modeli mbili, NE2001 na YMW16.
- Katalogi ya kwanza ya CHIME/FRB (CHIME ni darubini ya redio) ya mwaka 2021. Ina milipuko 536 iliyonaswa kati ya tarehe 25 Julai 2018 na 1 Julai 2019, na iko wazi kwa mtu yeyote.
- Kama unataka njia ya pili (nitaieleza hatua ya 4), orodha ya FRB ambazo galaksi zao zimeshajulikana na redishifti yake (z, kipimo cha umbali kinachotokana na upanukaji wa ulimwengu) ipo.
- Uvumilivu wa hatua ya 6. Wengi wanairuka.

## Hatua ya 1: Amua unapima nini, kabla hujagusa data

Kuna vipimo viwili na watu wanavichanganya. Cha kwanza ni kuhesabu: je, FRB zinatokea nyingi upande mmoja? Cha pili ni DM: je, DM zina ukubwa tofauti upande mmoja?

Ukiwa na CHIME achana na cha kwanza, angalau mwanzoni. Hii darubini haizunguki, imelala palepale British Columbia huko Kanada inasubiri anga ipite juu yake. Sehemu za karibu na ncha ya kaskazini inaziona muda mrefu sana, zile za juu ya deklinesheni (latitudo ya angani) +70 inaziona mara mbili kwa siku, na chini ya −11 haioni kitu kabisa. Ukihesabu milipuko bila kurekebisha hayo utapata mshale mkali unaoelekea kaskazini, na hautakuwa umegundua ulimwengu, utakuwa umegundua CHIME. Ni sawa na kutega nyavu zote upande mmoja wa ziwa alafu ukatangaza kwamba samaki wote wanaishi huko.

Tunaenda na DM. Nayo ina mitego yake ila inatibika.

## Hatua ya 2: Safisha faili

Fungua faili na kitu cha kwanza utakachoona ni kwamba mistari inazidi 536. Usishtuke, mlipuko wenye vipande kadhaa umeandikwa mstari mmoja kwa kila kipande. Angalia kolamu ya `sub_num` na ubaki na ile yenye 0 tu.

Kisha wale wanaojirudia. Ndani ya katalogi kuna milipuko 62 iliyotoka kwenye vyanzo 18 tu. Ukiiacha yote, chanzo kimoja kinapiga kura mara nyingi na mshale wako utavutwa kuelekea kwake. Kolamu ni `repeater_name`; kama ina −9999 maana yake hakikuwa kimeonekana kujirudia katalogi ilipotoka. Ama ubaki na mlipuko mmoja kwa kila chanzo, ama uwatoe wote ubaki na 474. Mimi nawatoa, ni rahisi zaidi kutetea.

Pia ondoa zile zenye `excluded_flag`, maana zilinaswa wakati mitambo haiko sawa.

Umefaulu kama: una mstari mmoja kwa chanzo kimoja, na ukichora `ra` (RA, longitudo ya angani) dhidi ya `dec` (deklinesheni) unaona vidoto vimetapakaa RA yote kutoka 0 mpaka 360 bila shimo la ajabu. Kama vyote vimebanana kati ya 0 na 24, umebadilisha nyuzi kuwa masaa mahali fulani.

## Hatua ya 3: Toa elektroni za kwetu nyumbani

DM uliyonayo ni jumla ya vitu vinne: galaksi yetu, halo yake (gesi iliyoizunguka), anga kati ya galaksi, na galaksi ilikotoka FRB. Tunachotaka ni ile ya tatu. Ya kwanza ndo hatari kuliko zote kwenye kazi hii maalum, kwa sababu galaksi yetu yenyewe haiko sawa pande zote, ina diski. Ukikosea kuitoa, unabaki na umbo la galaksi yetu ndani ya jibu la ulimwengu.

Katalogi imeshakufanyia: `dm_exc_ne2001` na `dm_exc_ymw16` ni DM iliyobaki baada ya kutoa kila modeli. Ila angalia hizo modeli zinavyopishana. FRB 20180916B ina DM ya 349, na iko nyuzi 4 hivi tu kutoka kwenye diski. NE2001 inasema galaksi yetu imechangia karibu 200, YMW16 inasema zaidi ya 300. Kwa hiyo kilichobaki ni 150 au ni chini ya 50? Galaksi ya mlipuko huo inajulikana, redishifti yake ni 0.0337, iko jirani kabisa, na bado hatuwezi kukubaliana.

Dawa ni kukata. Tupa kila kitu chenye latitudo ya galaksi (`gb`) kati ya −20 na +20. Inauma, unapoteza theluthi moja ya anga na unabaki na milipuko mia tatu na kitu, lakini hicho kilichobaki unaweza kukiamini. Halo mpe 50 kwa kila mlipuko, namba isiyobadilika na upande haiwezi kutengeneza mshale mkubwa.

Onyo: usitoe wastani wa modeli mbili. Chagua moja, fanya kazi yote, kisha rudia na nyingine mwishoni.

## Hatua ya 4: Pata mabaki

Hapa njia zinagawanyika.

Njia A, una redishifti ya kweli. Hii ndo safi. Kwa redishifti z unakokotoa DM ya anga inayotarajiwa, na kwa vipimo vya kawaida vya ulimwengu utapata kama 85 kwa z ya 0.1, kama 450 kwa z ya 0.5, na kama 910 kwa z ya 1. Mabaki ni DM yako gawanya kwa hiyo.

Tufanye moja kwa mkono. FRB 20180924B: DM 361, z 0.3214. Toa 40 za galaksi yetu, toa 50 za halo, inabaki 271. Galaksi mama tuipe 100, ila unaigawa kwa 1+z kwa sababu ya upanukaji, inakuwa 76. Inabaki 195. Matarajio ni 281. Kwa hiyo huyu yuko chini kwa asilimia 30, na hamna cha ajabu, njia yake imepita sehemu zenye elektroni chache au galaksi mama haikuchangia kiasi hicho.

Sasa FRB 20190520B: DM 1205, z 0.241. Toa 60, toa 50, toa 80 za galaksi mama, inabaki zaidi ya 1000, wakati matarajio ni 208. Mara tano! Hapa sio ulimwengu umepinda upande huo, ni kwamba mazingira ya chanzo chenyewe, pamoja na makundi ya galaksi yaliyo njiani, yamejaa elektroni. Mmoja kama huyu kwenye orodha ya milipuko mia anatosha kuburuta mshale wako wote kumfuata yeye.

Ndo maana usitumie DM ghafi, tumia logi yake asilia (`numpy.log`), na mabaki yapime kutoka kwenye mediani. Logi inampunguzia nguvu bila wewe kumfukuza kwa mkono, maana ukianza kufukuza unaowachukia kwa macho, umeshaharibu jaribio.

Mtego mwingine wa njia A: orodha za redishifti zimechanganya darubini. ASKAP iko Australia, MeerKAT iko Afrika Kusini, DSA-110 iko California. Kila moja ina uwezo tofauti wa kunasa DM kubwa, na kila moja inaangalia nusu yake ya anga. Ukiwaweka chungu kimoja, tofauti za mitambo zinageuka kuwa mshale wa kaskazini-kusini. Kila darubini itolewe mediani yake kwanza.

Njia B, huna redishifti, una DM tu za CHIME. Unachofanya ni kudhani kwamba mchanganyiko wa umbali ni uleule pande zote, na unalinganisha DM zenyewe. Ni dhana nzito lakini inakubalika ukiisema wazi.

Ambacho hakikubaliki, na nakiona mara nyingi mno: mtu anachukua DM, anaigeuza kuwa z kwa fomula, alafu anachukua hiyo z anakokotoa DM inayotarajiwa, anatoa, anashangaa kwamba mabaki ni madogo sana na ulimwengu ni "sawa kabisa". Umejizunguka. z hiyo imetoka kwenye DM hiyohiyo, hujapima kitu.

Kuanzia hapa naendelea na njia B kwa sababu ndo yenye data nyingi.

## Hatua ya 5: Fiti dipoli, ila sio ya pande tatu

Gawa milipuko kwenye mikanda ya deklinesheni, mitano au sita inatosha, kila mmoja uwe na idadi inayokaribiana. Ndani ya kila mkanda chukua logi ya DM, toa mediani ya mkanda huo. Kwa nini? Kwa sababu uwezo wa CHIME kunasa unabadilika na deklinesheni, na mlipuko wa DM kubwa kwa kawaida ni wa mbali na hafifu zaidi, kwa hiyo mkanda wenye muda mwingi wa kuangalia utakuwa na DM kubwa kidogo bila ulimwengu kuhusika.

Ukifanya hivyo umeua kabisa uwezo wa kuona mshale wa kaskazini-kusini. Sawa. Huo CHIME haiwezi kuupima kwa uaminifu, ni bora uukubali msiba mapema. Kinachobaki ni mshale kwenye RA, na hapo CHIME ni nzuri kweli, kwa sababu dunia inaizungushia RA yote kila siku.

Na kuna bahati hapa ambayo watu hawaioni. Mwelekeo ambao jua letu linakwenda, ule unaoonekana kwenye mionzi ya mandharinyuma ya mikrowevu (mabaki ya mwanga wa mwanzo wa ulimwengu), uko RA 168, deklinesheni −7. Upande wa nyuma yake ni RA 348, deklinesheni +7. Yote miwili iko ndani ya macho ya CHIME na iko karibu na ikweta, kwa hiyo kwa kufuta kaskazini-kusini haujapoteza karibu chochote kwenye swali linalotusumbua zaidi.

Fiti yenyewe ni mistari mitatu. Tengeneza `nx = cos(dec)*cos(ra)` na `ny = cos(dec)*sin(ra)`, ongeza kolamu iliyojaa namba 1 tupu, mpe `numpy.linalg.lstsq`. Unapata ax na ay. Ukubwa ni mzizi wa mraba wa jumla ya miraba yao, mwelekeo ni `arctan2(ay, ax)`. Nyuzi zigeuzwe radiani kwanza, tafadhali.

Umefaulu kama: una namba kati ya 0.02 na 0.2. Usimwambie mtu bado.

## Hatua ya 6: Ulimwengu bandia

Hii ndo kazi yenyewe, kwingine kote tulikuwa tunaandaa meza.

Fikiria hivi. Mabaki yako yamesambaa kwa, tuseme, 0.65 kwenye logi. Una milipuko 300. Kosa la kila mhimili ni takriban 0.65 mara mzizi wa 3/300, sawa na 0.065. Na kwa kuwa ukubwa wa mshale hauwezi kuwa hasi, wastani wake kwenye ulimwengu ulio sawa kabisa sio sifuri, ni kama 1.25 mara hiyo, yaani 0.08. Hiyo ndo ile asilimia 8 ya mwanzo.

Hesabu ya karatasi inakupa picha, lakini jibu la kweli linatoka hivi:

Acha nafasi za milipuko angani kama zilivyo. Chukua mabaki, yachanganye bila mpangilio ndani ya kila mkanda wa deklinesheni, kila mlipuko upate mabaki ya mwingine wowote wa mkanda huo. Fiti dipoli tena. Andika ukubwa. Rudia mara 10,000, laptopu itamaliza kabla hujasimama.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kila ulimwengu bandia una lile shimo la diski, ule mwelemeo wa kaskazini, na wale wenye DM za ajabu, vyote vilevile. Kilichovunjwa ni uhusiano kati ya DM na RA peke yake, ndo tunachokipima. Ukitengeneza milipuko bandia iliyosambaa anga nzima badala ya kutumia nafasi halisi, unalinganisha na darubini ambayo haipo.

Onyo: ukichanganya katika anga nzima badala ya ndani ya mkanda, umerudisha tatizo la hatua ya 5 kwa mlango wa nyuma.

Thamani ya p, yaani uwezekano wa bahati tu kutoa mshale kama wako, ni idadi ya bandia zilizofikia au kupita yako, ongeza moja, gawanya kwa 10,001. Hiyo moja ya kuongeza ni muhimu, inakuzuia kuandika p ni sifuri.

## Hatua ya 7: Chomeka mshale wa uongo uone kama unarudi

Kabla ya kuamini p, hakikisha mashine yako inaweza kuona kitu. Chukua data iliyochanganywa, zidisha kila DM kwa 1 + 0.2 × (kosaini ya pembe kutoka RA 168 kwenye ikweta), pitisha hatua zote. Inatakiwa irudi karibu na 0.2, na mwelekeo utapepesuka nyuzi kama 20 hivi. Ikirudi 0.05 au imeelekea upande wa pili, kuna alama ya kutoa imepotea mahali.

Rudia kwa 0.1, kwa 0.05. Mahali inapoanza kuzama kwenye kelele ndo kikomo chako, na hicho kikomo ni matokeo halali hata kama hukupata dipoli yoyote.

## Hatua ya 8: Lishambulie jibu lako

Badilisha NE2001 kwa YMW16. Kata latitudo kwa 15, kisha 30. Toa asilimia 5 ya DM kubwa zaidi. Gawa data kwa wakati, nusu ya kwanza na nusu ya mwisho. Ule mshale ukigeuka nyuzi 90 kila ukigusa kitu, haukuwepo.

Cha kuangalia kwa makini: data ya katalogi hii haijafika mwaka mzima kamili, na mwingiliano wa redio kutoka kwa binadamu huwa mwingi mchana. Kwenye muda pungufu wa mwaka, mchana na usiku havigawanyiki sawa kwenye RA zote. Pia anga lenyewe linang'aa kwa redio zaidi sehemu fulani karibu na 400 MHz, na hapo milipuko hafifu inazama. Mshale ukielekea kwenye moja ya hayo, anza kuutilia shaka huko.

## Hatua ya 9: Uliza swali dogo

Ukitafuta mwelekeo wowote unalipia bei ya kutafuta kila mahali. Ukiuliza tu "je, kuna kitu kuelekea RA 168?" unafiti namba moja, ambayo inaweza kuwa chanya au hasi, na kosa lake ni dogo na rahisi kusoma. Lakini uliamue hilo kabla ya kuona mshale wa hatua ya 5, sio baada.

Na ujue ukubwa wa mlima. Mwendo wetu ni kilomita 370 kwa sekunde, ambayo ni 0.00123 ya kasi ya mwanga. Dipoli ya DM ya kiwango hicho, kwa mtawanyiko wa 0.65, inahitaji zaidi ya milipuko laki nane ili kosa tu lilingane nayo. Kwa mia tatu hatuko hata karibu. Tunachoweza kufunga mlango ni dipoli kubwa, zile za asilimia 20 kwenda juu.

## Hatua ya 10: Andika matokeo yasomeke

Sentensi inayokubalika inafanana na hii: "Kwa milipuko N ya CHIME isiyojirudia, nje ya nyuzi 20 za diski, kwa modeli ya NE2001, ukubwa wa dipoli kwenye RA ni A, kati ya ulimwengu bandia 10,000 uliochanganywa ndani ya mikanda ya deklinesheni, sehemu p ilifikia au kuzidi hapo, dipoli zaidi ya B inakataliwa kwa uhakika wa asilimia 95, sehemu ya kaskazini-kusini haikupimwa."

Hicho kipande cha mwisho usikifute. Weka msimbo wako wa Python na mbegu ya namba za bahati nasibu pamoja na ripoti ili mwingine aweze kurudia, na taja kama p ya YMW16 ilitofautiana. Ikitofautiana sana, weka zote mbili kwenye jedwali moja, ile mbaya ikae juu.